Mwanangu ana meno mawili tu, kwa nini nimpeleke kwa daktari wa meno?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ninaishi Usa River, wilayani Meru, na ninafanya kazi katika shamba la maua. Binti yangu ametimiza miezi 10. Ana meno mawili ya chini, na kwenye ufizi wa juu kunaonekana mengine mawili yanayotaka kutoka. Tulipompeleka kupata chanjo ya surua na rubela alipofikisha miezi 9, muuguzi wa kliniki alimtazama mdomoni, akaniambia nihakikishe anaonwa na daktari wa kinywa na meno kabla hajatimiza mwaka. Niliitikia, lakini sikuelewa mtoto mwenye meno mawili anakwenda kutibiwa nini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiahirisha.

Kilichonifanya niandike sasa ni jambo jingine. Majuzi mtoto aliharisha na kupata homa. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo, wakampa ORS na zinki, na sasa amepona. Hata hivyo mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayebaki naye nikiwa kazini, alimfunua mdomo akaona vivimbe viwili vyeupe pembeni mwa ufizi wa juu, akasema hayo ni meno ya plastiki na kwamba kuharisha kutarudi mpaka yatolewe. Yupo mzee katika kijiji cha jirani anayejulikana kwa kazi hiyo. Mume wangu anasita. Hataki kumvunjia mama yake heshima, nami sitaki pia, kwa sababu mama huyo amenipokea vizuri na bila yeye nisingeweza kufanya kazi.

Halafu kuna suala la rangi ya meno. Mimi na mume wangu tumekulia huku, meno yetu ni ya kahawia kama ya wengi wa huku, na tunaambiwa ni maji. Jirani amenionya kwamba dawa ya meno ina floraidi ile ile iliyo kwenye maji, hivyo nikimpigisha mtoto mswaki nitamwongezea madhara. Mpaka sasa ninamfuta kwa kitambaa tu, na si kila siku. Mchana bibi yake humpa uji wa ulezi wenye sukari kwa chupa, na usiku hulala akinyonya.

Naomba unieleze kama kweli kuna haja ya kumpeleka, nimwandae vipi, na huko atafanyiwa nini. Dawa ya meno nitumie au nisitumie? Na mama mkwe nimwambie nini?

Mama wa binti mmoja, Usa River

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na vile vivimbe vyeupe, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, lakini hilo haliwezi. Mtoto asipelekwe kwa mzee yule, wala mtu yeyote asiguse ufizi wake kwa kitu chenye ncha, hata kama ni kwa nia njema ya kumponya.

Mahali mama mkwe wako alipoona weupe ndipo yanapokaa meno ya chonge. Chonge la utotoni kwa kawaida hutokeza mtoto anapokuwa na umri wa kati ya miezi 16 na 23, lakini huwa limekwisha kuanza kujengeka ndani ya mfupa tangu mtoto akiwa tumboni. Katika umri wa binti yako, ufizi ulio juu yake huinuka na kupauka, na ukiwafunua midomo watoto wengine wa rika lake, walio wazima kabisa, utaona vivimbe hivyo hivyo. Kile ambacho waganga hukitoa na kukionyesha wazazi ni jino lenyewe likiwa bado changa, na ni laini kwa sababu halijakomaa. Ulaini huo ndio uliowafanya watu waamini kwamba si jino la kweli. Mtoto hukatwa bila ganzi, kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli, na yanayofuata tunayaona hospitalini: damu isiyokatika, usaha, pepopunda, hatari ya virusi vya UKIMWI, na wapo watoto waliopoteza maisha. Wanaonusurika hukua bila chonge za utotoni, na mara nyingi jino la kudumu lililokuwa likijengeka jirani yake hutoka likiwa na kasoro au lisitoke kabisa.

Ni haki pia kueleza kwa nini imani hii imedumu, maana wanaoishika si wajinga. Kuanzia miezi 6 mtoto huanza kula, hutambaa, huokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kinga aliyorithi kwa mama yake inapungua. Kwa hiyo huo ndio umri wa kuharisha na kupata homa za mara kwa mara. Ndio pia umri ambao chonge huanza kuonekana chini ya ufizi. Mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja, na mtu anayeyaona pamoja huhitimisha kwamba moja limeleta jingine. Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo mtoto aliyekatwa ufizi akipona, mganga hupata sifa ya kazi ambayo mwili wa mtoto ungeifanya bila yeye. Kuota meno kunaweza kumfanya mtoto atokwe na mate, awe msumbufu, na apate joto dogo. Homa kali, kuharisha na kutapika havitokani na meno, na vikitokea mahali pa kwenda ni zahanati, kama mlivyofanya. Zinki aliyopewa mmalizie kwa siku zote alizoandikiwa, ambazo huwa 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Sasa, mama mkwe. Usimpinge mbele ya watu, na usimpelekee maneno yangu kana kwamba umemletea hukumu. Yeye ni wa kizazi kilichozika watoto wengi waliokufa kwa kuhara, na hofu yake ina sababu. Mwambie kwamba umesikia wasiwasi wake kuhusu ufizi wa mtoto na kwa sababu hiyo umeamua kumpeleka kwa daktari wa kinywa na meno, kisha mwombe aandamane nawe. Hilo ni kweli tupu, na linampa nafasi yake ya bibi. Huko mwombe daktari amwonyeshe yeye, si wewe, mahali chonge lilipo na umri litakapotokeza. Mume wako naye ana sehemu yake: aseme nyumbani, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka, kwamba mtoto hatakatwa. Neno hilo mama atalipokea vizuri zaidi likitoka kwa mwanawe kuliko kwa mkwewe.

Kuhusu haja ya kumpeleka, muuguzi wako alikuambia sawasawa. Ushauri wanaoufuata madaktari wa meno ya watoto ni kwamba mtoto aonwe ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza kutokeza, na asipite mwaka mmoja. Wazazi wengi husubiri mpaka mtoto alie kwa maumivu, na hapo siku yake ya kwanza kwa daktari inakuwa siku ya sindano na kung'olewa, nayo ndiyo atakayoikumbuka kila akisikia neno hospitali. Meno ya utotoni, ambayo yatafika 20 atakapokaribia miaka mitatu, yana gamba jembamba kuliko ya ukubwani, na yakianza kuoza huoza haraka. Dalili ya kwanza haina maumivu: ni mstari mweupe usiong'aa, kama chaki, unaojitokeza kwenye meno ya juu ya mbele karibu na ufizi, mahali ambapo mdomo wa juu huufunika. Katika hatua hiyo jino bado linaweza kuimarishwa bila kuchongwa. Ukishageuka kuwa wa kahawia na kufanya tundu, habari inakuwa nyingine. Wapo watakaokuambia kwamba meno hayo si kitu kwa kuwa yatang'oka, lakini magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12, na muda wote huo anayategemea kutafuna, na yanayatunzia nafasi meno ya kudumu.

Ziara hii ya kwanza, kusema kweli, ni darasa la mzazi kuliko matibabu ya mtoto. Uliza mapema hospitali ya wilaya kitengo cha kinywa na meno kinapokea watoto siku gani, na utaratibu wa msamaha wa ada kwa walio chini ya miaka mitano ukoje, ili usije ukakwama dirishani. Omba muda wa asubuhi, kabla foleni ya wanaokuja kung'oa meno haijawa ndefu, kwa kuwa mtoto anayesikia vilio vya wengine naye hulia. Mpeleke akiwa amelala vya kutosha na amekula, lakini usimnyonyeshe mpaka ashibe kabisa mlangoni pa daktari, maana atalazwa chali na anaweza kucheua. Beba kadi yake ya kliniki, dawa zozote alizotumia karibuni (na zile za maji zenye sukari nazo ni dawa), mswaki wake kama unao, na ile chupa ya uji, ambayo daktari akiiona ataelewa mengi kuliko utakavyoweza kumweleza.

Siku chache kabla, mzoeshe nyumbani. Kaeni wewe na bibi yake, au baba yake, mkitazamana magoti yakigusana, mtoto akae mapajani mwako akikutazama, miguu yake ikiwa pande mbili za kiuno chako, kisha mlaze taratibu nyuma mpaka kichwa kitulie mapajani mwa mwenzako. Wewe unashika mikono yake, naye anakuona uso wako wakati wote. Mwenzako anainua mdomo wa juu kwa kidole, anatazama, anapapasa ufizi, basi. Daktari atamchunguza kwa namna hiyo hiyo, na mtoto aliyekwisha kuufanya mchezo huo na bibi yake hatashtuka sana. Kubwa zaidi, nyumbani asitishwe na mtu kwa daktari. Maneno ya kwamba usipotulia utachomwa sindano yanaonekana mepesi, lakini mtoto huyakusanya, hata yule tunayemdhani haelewi.

Huko hatachongwa wala kung'olewa kitu. Daktari atatazama meno yaliyopo, fizi, ulimi na vikamba vyake, atatafuta ile mistari myeupe niliyoitaja, atauliza anakula nini na analalaje, na atakuonyesha namna ya kumpigisha mswaki, huenda akakutaka ufanye mwenyewe mbele yake ili akurekebishe. Akiona hatari ya kuoza anaweza kupaka floraidi ya kulinda meno, kazi ya dakika chache isiyo na maumivu. Mtoto akilia, usione aibu wala usiombe radhi. Umri wake ni wa kulia mbele ya watu wageni, na akilia mdomo uko wazi. Ikitokea umefika mahali ukaambiwa umrudishe akishaota meno yote, sema kwa upole kwamba ulielekezwa na kliniki ya mama na mtoto na una maswali kuhusu ufizi, uji na maji ya kwenu. Sidhani kama utarudishwa bila kusikilizwa.

Nifike kwenye floraidi, ambayo kwa mtu wa Meru ni swali zito kuliko kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Jirani yako amegusa jambo la kweli, ila amechanganya njia mbili ambazo floraidi humfikia mtoto. Floraidi inayomezwa huingia kwenye damu na kulikuta jino la kudumu likiwa bado linajengeka ndani ya taya. Ikiwa nyingi, gamba la jino huharibika, na jino hutoka likiwa na madoa meupe ambayo baadaye huwa ya kahawia. Meno ya mbele ya juu ya kudumu huanza kujengeka miezi michache tu baada ya mtoto kuzaliwa, na miaka mitatu ya kwanza ndiyo nyeti zaidi, kwa hiyo rangi ya meno atakayocheka nayo binti yako akiwa darasa la tatu inaamuliwa sasa hivi, kwa maji anayokunywa sasa. Floraidi ya kwenye dawa ya meno, kwa upande wake, hufanya kazi juu ya jino lililokwisha kutoka, kwa kuligusa na kuliimarisha lisiliwe na asidi.

Sasa tazama vipimo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kwenye mswaki dawa kiasi cha punje ya mchele. Kwa dawa yenye floraidi 1000 ppm (yaani miligramu 1000 kwa kila kilo ya dawa), kiwango ambacho hutajwa kwenye maandishi ya pakiti, punje hiyo ina takriban miligramu 0.1, hata akiimeza yote. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 1.5 kwa lita kuwa kikomo cha maji ya kunywa, na kuzunguka Mlima Meru vipo vyanzo vinavyozidi kikomo hicho mara kadhaa. Chukua maji yenye miligramu 4 kwa lita: nusu lita yake, ambayo mtoto huimaliza kwa uji wa siku, ina miligramu 2, mara kumi ya dawa ya asubuhi na jioni ikijumlishwa. Hofu yenu basi iwe juu ya maji, na mswaki uendelee. Daktari wa huko kwenu anayajua maji ya huko. Mwambie mnachota wapi, akikupa kipimo tofauti na changu kwa sababu ya chanzo chenu, mfuate yeye.

Maji ya kumpikia mtoto yashughulikieni wiki hii. Vyanzo vilivyo jirani hutofautiana sana, kwa hiyo ulizeni mamlaka ya maji kipi kina floraidi kidogo. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, na maji yanayochemka muda mrefu hupungua huku floraidi ikibaki yote. Maji ya mvua yaliyokingwa na kutunzwa kwa usafi huwa na floraidi kidogo sana, yakichemshwa yanamfaa. Kituo cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali nanyi, kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nendeni mkaulize kuhusu machujio ya nyumbani, na mkipata moja mkumbuke kwamba mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Chakula chake kisitiwe magadi, kwa sababu nayo hubeba floraidi. Maziwa yako hayana tatizo hilo: hata kama unakunywa maji hayo hayo, floraidi inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo mno. Mnyonyeshe mpaka miaka miwili au zaidi, bila hofu.

Ila kabla ya ule mnyonyo wa usiku, meno yawe yamesafishwa. Nunua mswaki wa mtoto wenye kichwa kidogo na nywele laini, mlaze kichwa mapajani mwako, inua mdomo wa juu, sugua taratibu pande zote za kila jino mpaka kwenye mstari wa ufizi, kisha pangusa povu kwa kitambaa safi. Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane hata siku ya uchovu, kwa kuwa tunapolala mate hupungua na meno hubaki bila wa kuyaosha. Kazi hiyo ni yenu wazazi mpaka atakapofika miaka saba au minane. Mkono wa mtoto mdogo hauwezi kuifanya peke yake, hata akishika mswaki kwa mbwembwe.

Uji wa ulezi ni chakula kizuri, ubaki. Kinachohitaji kubadilika ni sukari na chupa. Mtoto huyu bado ni mdogo, atauzoea uji usio na sukari. Ukipikwa na maziwa, ndizi iliyoiva au karanga zilizosagwa laini ataupenda, na akipewa kwa kikombe na kijiko uji utapita, wakati chupa huuacha ukizunguka kwenye meno ya mbele nusu saa nzima. Asilazwe na chupa yenye kitu chochote zaidi ya maji. Bibi pia asimtafunie chakula wala kukionja kwa kijiko cha mtoto, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha meno huhama kwa mate kutoka kwa watu wazima. Na kwa sababu hiyo hiyo, mwenye meno mabovu nyumbani atibiwe, wewe ukiwa wa kwanza.

Kwa usumbufu wa meno yanayotoka sasa, kidole safi cha kumkanda ufizi au kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi vinatosha. Jeli za ganzi za kupaka fizi zenye benzokeini hazifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na aspirini asipewe kamwe. Mafuta ya taa, chumvi, majivu na dawa za miti visipakwe. Na kama meno ya juu yangetangulia ya chini, kama inavyotokea kwa watoto wachache, lisingekuwa jambo la kutafutiwa mganga pia.

Nenda kabla hajatimiza mwaka, mkiwa na bibi yake. Daktari atakupangia tarehe ya kurudi, ambayo mara nyingi ni baada ya miezi 6, na kwa binti yenu itaangukia karibu na wakati wa chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, hivyo unaweza kuomba ruhusa kazini kwa yote mawili. Katikati ya hapo mwinue mdomo wa juu mara moja kwa mwezi, mchana kwenye mwanga. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, usingoje tarehe.